Nilivyompoteza Ilhom

Siku ya arobaini ya mume wangu Tursunali nilipika pilau ya watu mia. Wanaume walikaa uani chini ya mizabibu, wanawake tukakaa ndani, na hitma niliiongoza mimi mwenyewe. Mimi ni otin. Kwetu, otin ni mwanamke anayewasomesha wanawake wenzake Kurani, anayewasomea wafiwa na kuwatuliza waliopatwa. Nusu ya wanawake wa kijiji chetu cha Chorbog walijifunza alifu kwangu, na binti zao pia.

Tulikuwa tumefika juzuu ya mwisho mwanangu Ilhom aliposimama mlangoni. Alikuwa amefika asubuhi ile kutoka Moscow, siku nne ndani ya basi. Mazishi hakuyawahi. Alikuwa amefuga ndevu, na suruali yake ilikomea juu ya kifundo cha mguu.

"Mama," alisema, "hawa wanamsomea nani?"

"Wanamsomea baba yako."

"Baba amekufa. Hasikii."

"Mungu anasikia. Karibu ndani, mwanangu, usisimame hapo kama mgeni."

"Mungu hakuamuru haya. Haya ni bidaa. Na hiyo nyama mliyochinja kwa ajili ya maiti, mimi siili."

Wifi yangu Inoyat, dada wa marehemu, hana breki mdomoni. "Makubwa haya!" alisema. "Tulimtuma Moscow akabebe matofali, katurudia mufti! Kaa ule bwana, pilau haina dini. Na hiyo suruali je? Uliazima kwa mtoto?"

Wanawake walicheka ndani ya mitandio yao. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, kwa sababu ya aibu. Ilhom, ambaye zamani ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka maneno ya shangazi yake, alinitazama mimi peke yangu. Kisha akageuka, akapita katikati ya wanaume uani bila kumpa mtu mkono, akatoka nje. Kile kicheko nimekijutia kuliko mambo mengi niliyofanya baadaye, na niliyofanya baadaye si madogo.

Nilisomeshwa na bibi yangu zizini, zama za Sovieti. Msahafu ulikaa ndani ya pipa la pumba, umefungwa nailoni. Dada yangu alikaa mlangoni akijifanya anakamua ng'ombe, na mtu akipita njiani yeye alikohoa kutuonya. Nilihifadhi Yasini kwa kunong'ona, hata leo nikiisoma kwa sauti kubwa najisikia kama nimevunja sheria. Utawala ule ulipoanguka, wasichana wakaja nyumbani kwangu mchana kweupe, viatu vyao vikajaa barazani. Niliamini kwamba taabu ya dini imekwisha katika nchi yetu.

Ilhom alikuwa fundi viatu mjini Osh, kusini mwa Kirgizia. Alikuwa na kibanda karibu na soko, yeye na rafiki yake Qobil, cherehani mbili na redio. Mwaka 2010, mwezi wa sita, Wakirgizi na Wauzbeki waliokuwa majirani walichinjana, na mtaa ule ulichomwa moto. Ilhom alikuwa nyumbani siku hiyo kwa sababu mkewe Zulhumor alikuwa na uchungu wa kujifungua. Qobil alikuwa kibandani. Walipomtoa, mama yake alimtambua kwa meno. Hakuna aliyeitwa kuulizwa. Ilhom alizunguka ofisi hii na ile mwaka mzima akitaka mtu aandike tu kwamba Qobil aliuawa, hakumpata, na mwaka wa pili akaenda Urusi kama vijana wengine wote.

Kwenye simu alikuwa akisema, "Niko salama, mama, baridi tu." Ukweli alinieleza wiki ile ya arobaini, nilipokuwa naitoa mikate tanurini. Vijana wanne walimpiga stesheni, wakamwacha kwenye theluji akiwa na mbavu mbili zimevunjika. Msimamizi wa kazi alimwambia asiyeweza kuinua tofali hana kitanda. Mtu asiyemjua akamchukua, akampeleka ghorofa ya chini ya jengo moja ambako wafanyakazi walikuwa wakiswali, akamlisha supu kwa kijiko wiki mbili.

"Nilipoanguka, mama, wewe hukuwepo," aliniambia. "Serikali haikuwepo. Wale ndugu walikuwepo."

"Nawaombea dua kwa hilo. Lakini mwanangu, mtu akikupa supu, si lazima umpe kichwa chako."

"Hujui unachosema."

"Basi nieleze."

"Nikueleze nini? Wewe nani alikufundisha?"

"Bibi yangu. Unajua."

"Na yeye?"

"Baba yake."

"Na baba yake nani? Kwa kitabu gani? Mlikuwa mnafundishana gizani zizini, mama, kipofu anamshika kipofu mkono. Mkachanganya makaburi, na mizimu, na pilau, mkaita dini."

Nilikuwa nimeshika mkate wa moto, sikuusikia ukiniunguza mpaka baadaye. Hoja nilikuwa nazo. Aya nilikuwa nazo, hadithi nilikuwa nazo. Lakini alimtaja bibi yangu, aliyekula miaka mitatu ya kazi ngumu kwa ajili ya pipa lile la pumba, nami nikainama kutoa mkate uliofuata.

Hakurudi tena Moscow. Alisema atatafuta kazi Osh, na kila siku alikuwa akiondoka asubuhi. Nani alikutana naye sikujua. Niliyemwona akibadilika mbele ya macho yangu ni Zulhumor.

Zulhumor alikuwa mwanafunzi wangu kabla hajawa mkwe wangu. Mimi ndiye niliyemchagulia Ilhom. Alikuwa na sauti ambayo katika miaka thelathini ya kusomesha sikupata kuisikia kwa mwingine. Akianza kusoma, hata Inoyat alikuwa anafunga mdomo. Kwanza aliacha kuja kwenye kikao changu cha Ijumaa. Akasema kichwa kinamuuma. Kisha akaanza kuvaa nguo nyeusi hadi vidoleni, na usoni kitambaa, akienda dukani hatua hamsini tu. Kisha akaishusha picha ya Tursunali ukutani, akaigeuza, akaiweka chini ya mifarishi.

"Zulhumor," nilimwambia siku moja tukikanda unga pamoja, "nisomee kidogo. Nimeikosa sauti yako."

"Sauti ya mwanamke ni uchi, mama."

"Mimi ni mwanamke. Unga huu nao ni mwanaume?"

Alitabasamu kidogo, nikaona yule msichana wangu wa zamani amechungulia. Nikamshika mkono wenye unga. "Mwanangu, unaogopa nini?"

"Naogopa moto," alisema. "Wewe huogopi?"

"Naogopa. Lakini Mungu tunayemwogopa, si tulimjua kwa rehema kwanza?"

"Ilhom ndiye anajua," alisema, na mkono wake ukatoka mikononi mwangu.

Habari ya safari niliipata kwa mjukuu wangu Oygul, aliyekuwa hajatimiza miaka minne. Alikuwa akicheza na paka karibu na kisima. "Bibi," alisema, "huyu nitamwacha kwako. Kule tunakoenda baba amesema kuna paka wengine."

"Mnaenda wapi, kipenzi?"

"Tunapanda ndege. Ni siri."

Niliingia chumbani mwao nikapekua. Kwetu mifarishi hupangwa juu ya sanduku mpaka ifike dari. Niliishusha mmoja mmoja. Chini kabisa, ndani ya soksi, nilikuta pasipoti mbili, ya Zulhumor na ya Oygul, na karatasi za tikiti za Istanbul. Zilikuwa za Jumatano. Siku hiyo ilikuwa Jumapili.

Kila mtu wa upande wetu alijua maana ya Istanbul. Mtaa wa nyuma familia mbili zilikuwa zimeshapita njia hiyo kwenda Sham, kwenye vita vya Syria, na mama mmoja waliyemwacha nyuma alikuwa ameacha kula.

Nilimwendea Inoyat. Hakufanya mzaha safari hii. "Nenda usalama," alisema. "Leo hii."

"Watamfunga."

"Watamfunga, atakuwa hai. Utampelekea chakula."

Jumatatu asubuhi nilivaa ushungi safi, nikaenda mpaka ofisi ya usalama ya wilaya. Mkabala na mlango kuna benchi. Nilikaa pale. Nilimkumbuka jirani yangu Salomat, ambaye mwanawe alifungwa miaka tisa kwa ajili ya vitabu, na siku alipomwona mara ya kwanza gerezani hakumjua. Nilijiambia, nitahesabu watu kumi wakiingia, kisha nami nitaingia. Waliingia kumi. Waliingia ishirini. Saa sita askari wa mlangoni alinijia akaniuliza, "Mama, unamsubiri mtu?" Nikasema hapana, napumzika miguu. Nikarudi nyumbani.

Mama gani anamshika mwanawe mkono na kumpeleka? Hivyo ndivyo nilivyojiambia njia nzima.

Jumanne niliwasha tanuri kama kawaida. Zulhumor alikuwa ameenda kwa mamake kuaga bila kusema anaaga, na mtoto kamchukua. Kuni za mwaprikoti zilipogeuka makaa, nilizitupa ndani zile pasipoti mbili na tikiti juu yake. Majalada ya pasipoti hayaungui upesi. Yalijikunja, yakatoa moshi mweusi wa kunuka, na picha ya Oygul ilibaki ikinitazama muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha nikabandika mikate yangu ukutani mwa tanuri, kwa sababu unga ulikuwa umeshaumuka na sikujua la kufanya na mikono yangu.

Ilhom alirudi adhuhuri. Nilimsikia akishusha mifarishi. Akatoka na ile soksi mkononi, tupu.

"Ziko wapi?"

Nilimwonyesha tanuri.

Nilitegemea atanipiga. Ningependa anipige. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, akalia kwa kwikwi kama alivyolia siku ya kumzika Qobil. Nikapiga magoti karibu naye nikataka kumshika kichwa.

"Usiniguse, mama. Unajua ulichofanya? Umewazuia watu kuhajiri, kuhama kwa ajili ya Mungu."

"Nimemzuia mjukuu wangu kwenda vitani."

"Vita viko hapa! Qobil alifia wapi? Kule angalau mtu anakufa akijua kwa nini."

"Ilhom, mwanangu, kaa. Kaa tu. Swali unavyotaka, vaa unavyotaka, usile pilau yangu maisha, lakini kaa."

Akajipangusa uso. Akatia mkono kwenye mfuko wa ndani wa koti, akatoa pasipoti yake. Alikuwa akitembea nayo siku zote tangu Moscow, hata kitandani, kwa kuogopa polisi wa kule. Sikuwa nimelifikiria hilo. Katika kupekua kwangu kote, sikujiuliza hata mara moja pasipoti ya tatu iko wapi.

Aliondoka siku hiyohiyo. Zulhumor alirudi akamkuta anafunga mfuko wake. Alimshika mguu mlangoni akimsihi asimwache. Ilhom alimwambia, "Utanifuata. Subiri." Alimbeba Oygul, akamnusa nywele, akamshusha. Kwetu anayesafiri huuma mkate kidogo, na mkate ule hutunzwa mpaka arudi aumalize. Nilimfuata mpaka barabarani nao mkononi.

"Uma tu," nilimwambia. "Kidogo tu, kwa ajili yangu."

"Hiyo nayo ni shirki, mama," alisema, kwa upole, kama mtu aliyechoka kumfundisha mtoto mzito. Gari lilimchukua pale kwenye daraja. Sikumwita. Nilijua nikimwita nitapiga kelele, na majirani watatoka.

Alikuwa akimpigia Zulhumor kila wiki mbili. Mimi nilisikia sauti yake kupitia ukuta tu. Mara moja, mwezi wa tisa, aliomba kuzungumza nami. Aliuliza kama aprikoti zilizaa mwaka huu. Nikamwambia zimezaa sana, tumeanika darini. Akasema, "Huku kuna joto, mama. Maji ya hapa hayana ladha." Nikamwuliza, "Nije nikuchukue?" Nikasikia anavuta pumzi, na nyuma yake mtu akimwita kwa jina ambalo si lake. Akasema, "Niombee," simu ikakatika. Yeye, aliyeniambia dua zangu ni bidaa. Neno lile nimelishika mpaka leo kama mtu anavyoshika kamba ndani ya kisima.

Mwezi wa kumi na moja ulikuja ujumbe kwenye simu ya Zulhumor kutoka kwa mtu tusiyemjua. "Furahini. Ilhom ameuawa shahidi. Msilie, kulia ni udhaifu wa imani." Nilimnyang'anya Zulhumor ile simu nikaandika: Amezikwa wapi?

"Alipoanguka."

Nani alimwosha?

"Shahidi haoshwi."

Nani alikuwa naye?

Hapo hawakujibu tena.

Zulhumor hakulia, kwa sababu ameambiwa asilie. Aliosha vyombo. Kisha akanigeukia na mikono yake ikichuruzika maji. "Wenye familia hupewa kazi za nyuma," alisema. "Jikoni, ghalani. Wanaokwenda mbele ni wale wasio na mtu. Yeye alikuwa na mtu. Wewe ulichoma."

Sikujua kama ni kweli. Mpaka leo sijui. Hakuna niliyeweza kumwuliza.

Nilitaka kumsomea hitma. Zulhumor alisema marehemu mwenyewe hakutaka. Nikapika hivyohivyo, sufuria ndogo, nikatuma mtoto wa jirani aalike watu. Nilitandika chumba, nikapanga misahafu. Alikuja Inoyat peke yake. Wengine wote walikuwa na mgonjwa, na mgeni, na ng'ombe anayezaa. Siwalaumu; gari la usalama lilikuwa limesimama kwenye kona tangu asubuhi. Mwanamke niliyemsomesha miaka sita alipita mbele ya lango langu akiwa ameinamisha kichwa, akaharakisha. Tulisoma wawili, mimi na wifi yangu ambaye herufi nyingine hazijui, na pilau ikapoa.

Wiki iliyofuata maofisa waliingia ndani. Walikuwa na adabu. Walichukua misahafu ya kufundishia na madaftari ya wasichana, wakaniambia kuanzia leo nisikusanye watu nyumbani. "Mama wa mtu aliyekwenda Syria anafundisha dini," mmoja alisema, "utaelewa mwenyewe inavyoonekana." Nikamwambia, "Waliomchukua mwanangu wanasema mimi ni mshirikina. Ninyi mnasema mimi ni mwenzao. Kaeni pamoja mkubaliane." Hakucheka. Akaniomba nitie sahihi.

Wasichana walipokosa pa kwenda, hawakuacha kujifunza. Kila mmoja alikuwa na simu.

Zulhumor alikaa eda yake kikamilifu, miezi minne na siku kumi. Siku iliyofuata, baada ya alasiri, nilisikia sauti chumbani kwake. Sauti za wanaume watatu kutoka kwenye simu, moja ikisoma hotuba ya nikaha. Kisha sauti yake, ile sauti, ikasema, "Nimekubali." Alikuwa ameolewa na rafiki wa Ilhom, mtu ambaye hajawahi kumwona, aliyeko huko huko. Baadaye kidogo akaenda kwa wahusika akasema pasipoti zimepotea, akaomba mpya, yake na ya mtoto.

Nilimwomba. Nilipiga magoti mbele ya mkwe wangu, jambo ambalo kwetu halisikiki. "Niachie Oygul basi," nilimwambia. "Wewe ni mtu mzima, nenda. Niachie mtoto."

"Ili umfundishe kuomba makaburi?" Kisha naye akakaa chini. "Mama, sina kitu hapa. Nikitoka nje wananitemea mate. Nikikaa ndani nakuona wewe. Unataka nife humu?"

Alisema kweli tupu.

Safari hii sikukaa kwenye benchi. Nilisukuma mlango wa ofisi ya usalama nikaingia. Ofisa alikuwa kijana. Aliponiona alisimama, akanipa kiti chake. "Mama yangu alisoma kwako, mwalimu," alisema. Nikamweleza yote: jina, siku, uwanja wa ndege. Alikuwa akiandika na mimi nilikuwa nikiutazama mkono wake.

"Nataka azuiwe tu," nilisema. "Asifungwe. Nipe neno lako."

Aliweka kalamu chini. "Nitajitahidi, mama mwalimu."

Naamini alijitahidi. Waliwashusha kutoka foleni ya ndege, na nikapigiwa simu niende kumchukua mtoto. Oygul alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki na begi lake dogo magotini, miguu haifiki chini. Alipoona ni mimi, aligeuka ukutani.

Mahakamani Zulhumor alipewa miaka minne. Walipompitisha karibu yangu alisimama, nao askari wakamwacha kidogo. "Mara ya kwanza ulichoma karatasi," alisema taratibu, kwa Kiuzbeki cha nyumbani, kama tunavyoongea jikoni. "Mara ya pili umenichoma mimi." Inoyat alinishika mkono akanitoa nje. Njiani kurudi alisema, "Yuko hai. Na mtoto yuko hai. Shika hilo." Nililishika. Halikuwa na joto.

Gereza la wanawake liko kaskazini, siku nzima ya gari kuvuka milima. Nilimpeleka Oygul mara mbili kwa mwaka. Zulhumor alikubali kumwona binti yake, mimi hakukubali. Nilikaa nje kwenye kibaraza na wanawake wengine wenye vikapu, nikasikiliza habari za binti zao walioiba na walioua waume zao. Waliponiuliza wangu kafanya nini, nilisema, "Mimi ndiye niliyemshtaki." Hakuna aliyeniuliza tena.

Sasa Oygul ana miaka minane. Anakula ninachopika, anavaa ninachofua, haniiti bibi. Akinihitaji ananivuta mkono wa nguo. Inoyat alimnunulia simu ili azungumze na mama yake siku wanaporuhusiwa. Majuzi alasiri nilikuwa uani napasua aprikoti za kuanika, nikasikia sauti ya mwanaume chumbani. Nikaenda na viganja vyangu vinanata. Alikuwa amejifunika mfarishi na simu ndani. Ilikuwa sauti ya kijana, Kiuzbeki safi cha bonde letu, laini, isiyo na haraka. Ilikuwa ikiwaambia watoto wa mashahidi wasihuzunike.

"Unamsikiliza nani?"

Alitoa kichwa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona macho ya Ilhom usoni pake waziwazi namna ile. "Huyu anajua baba yuko wapi."

"Yuko wapi?"

"Peponi. Wewe unasema yuko wapi?"

Miaka thelathini nimewajibu wafiwa swali hilo. Nina maneno yake, mazuri, ya kumtosha kila mtu.

"Mimi sijui, Oygul," nilimwambia. "Namwombea tu."

"Yeye anajua," alisema, akaikumbatia simu kifuani, akisubiri niinyang'anye.

Mikono yangu iliitaka. Naapa iliitaka. Nilijipangusa kwenye aproni, nikakaa sakafuni, nikaegemea ukuta karibu na miguu yake.

"Rudisha mwanzo," nilimwambia. "Nami nisikie anasema nini."

Alinitazama muda mrefu akitafuta hila usoni mwangu. Kisha akabonyeza, akaiweka simu katikati yetu, na yule kijana akaanza upya kwa bismillahi. Alikuwa na sauti nzuri. Nilisikiliza neno kwa neno, kama mwanafunzi, nikitafuta mahali ninapoweza kuingia kati yake na Oygul, na sikupaona bado.